Chombo cha Mwezini Chatua Balangdalalu

Msafiri atokaye Babati kwa barabara ya lami iendayo Singida huuona mlima Hanang muda mrefu kabla hajaufikia. Umesimama peke yake, bila mlima mwenziwe wa kuegemea, na kimo chake chapita mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Katika Tanzania nzima hutajwa kuwa wa nne kwa urefu, baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin. Hata abiria waliosinzia tangu Arusha huinua shingo wakautazama. Chini yake upo mji wa Katesh, makao ya Wilaya ya Hanang, wilaya iliyomegwa kutoka Mbulu na ambayo tangu mwaka 2002 imo katika Mkoa wa Manyara, ingawa ndimi za wazee wengi bado huteleza wakasema Arusha.

Kutoka Katesh kwenda Balangdalalu nilipanda pikipiki, vumbi likitufuata nyuma kama ndama amfuataye mama yake. Jina la mahali hapa ni lile la ziwa ambalo ramani huliandika Balangida Lelu, ziwa la chumvi lisilo na kina. Kiangazi maji yake hurudi nyuma, nyuma zaidi, yakaacha gamba jeupe linalomeremeta hata macho yakauma. Mtu aliyezoea bahari ya Dar es Salaam hawezi kuliita ziwa asipoambiwa. Upepo huvuma mchana kutwa. Migunga imeinama upande mmoja, na kila mwenye paa la bati ameliwekea mawe juu.

Wenyeji ni wafugaji na wakulima. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, wanajulikana mbali kwa ng'ombe wao na kwa mavazi ya ngozi ya wanawake wao. Wairaqw hulima mahindi, mtama, mbaazi na siku hizi alizeti kwa wingi, nao hufuga pia. Anga kwao si jambo geni hata kidogo. Katika Kiiraqw neno Looaa ndilo jina la jua na ndilo jina la Mungu. Usiku, pasipo taa za barabarani, nyota hushuka mpaka mtu akadhani atazifikia kwa fimbo ya kuchungia.

Dada yangu ameolewa huko. Nilikwenda kumjulia hali, na mikononi sikuwa na zawadi ya maana kwa wajomba zangu ila fungu la vikombe vya karatasi, mkanda mmoja wa gundi na mkasi. Nataka kueleza kwa kirefu tulivyovitumia, kwa sababu wazazi wa mjini wengi huniambia kwamba elimu ya ufundi kwa mtoto mdogo ni jambo la shule za ada kubwa, zenye vifaa vya kuagizwa nje. Mimi siamini hivyo, na baada ya siku zile tatu siamini kabisa.

Kazi yenyewe ni hii. Mtoto anatengeneza chombo cha kutua mwezini. Anahitaji kipande cha boksi kilicho sawa na kiganja cha mtu mzima, kikombe kimoja cha karatasi, karatasi ngumu chache, na kitu cha kugandishia. Kikombe hukaa juu ya boksi, mdomo wazi ukitazama mbinguni. Ndani yake hukaa wasafiri wawili. Chini ya boksi mtoto anafunga miguu ya aina yoyote atakayoibuni. Kisha chombo kinaachiwa kutoka kimo cha goti, baadaye kiuno, baadaye bega. Masharti ni mawili tu: kikombe kisifunikwe, na wasafiri wasimwagike.

Vitabu vya kigeni hupenda kutumia yai katika michezo ya namna hii. Mpwa wangu wa pili, mwenye miaka minane, aliwahi kusikia habari hiyo shuleni akalitaja yai mbele ya mama yake. Mama yake hakusema neno, alimtazama tu, na habari ya yai ikaishia hapo. Yai huko ni mboga, ni vifaranga, ni daftari na kalamu siku ya mnada. Anayewafundisha watoto ufundi kwa kuvunja chakula mbele ya macho yao atakuwa amewafundisha na jambo jingine ambalo hakulikusudia. Tulitumia punje mbili za mahindi. Mpwa mdogo alizichora macho kwa kalamu, akaziita Amstrongi na Aldrini, kwa kuwa nilikuwa nimewahadithia habari za tarehe 20 Julai 1969, siku Neil Armstrong na Buzz Aldrin walipotua mwezini katika chombo kilichoitwa Eagle, maana yake tai.

"Mjomba," akauliza, "walikwenda wawili tu?"

Nikamwambia walikuwa watatu. Wa tatu, Michael Collins, alibaki akiuzunguka mwezi ndani ya chombo kikubwa, akiwangoja wenzake. Jambo hili liliwashughulisha watoto kuliko yote niliyosema. Walitaka kujua alikula nini, kama aliogopa, na kama wenzake walimletea jiwe. Basi wakatafuta punje ya tatu, wakaiweka juu ya kinu, ingoje.

Siku ya kwanza walikuwa watoto wanne wa nyumbani na mmoja wa jirani. Huyu wa jirani alikuwa kijana wa Kibarabaig wa miaka saba au minane, mchunga ndama, aliyesimama kando ya ua na fimbo yake mpaka dada yangu alipomwita akae. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka, tayari kuondoka wakati wowote ndama wakielekea shambani.

Wazo lao la kwanza lilikuwa mwavuli, kama ule wa askari warukao kutoka katika ndege. Kipande cha kanga kuukuu kilikwisha kupatikana (mifuko ya plastiki, kama tujuavyo, ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na sikuona hata mmoja ukipepea kwenye miiba ya Balangdalalu). Ilinibidi niwaeleze kwamba mwezini hakuna hewa. Mwavuli hufanya kazi kwa kushikwa na hewa. Pasipo hewa utaanguka kama kitambaa kilichofungiwa jiwe. Huko chombo hupunguza mwendo kwa kufukuza moto wa injini kuelekea chini, na hatua ya mwisho kabisa, ile ya kugusa ardhi, huachiwa miguu.

Ndipo kazi ilipoanza kweli. Kwa kawaida mtoto hudhani kwamba kitu madhubuti ni kitu kigumu. Wote walikata miguu mifupi, minene, ya karatasi iliyoviringwa ikakazwa. Chombo cha kwanza kilipoachiwa kutoka gotini kilitua wima, kizuri kama kigoda, na wasafiri wote wawili wakaruka nje ya kikombe. Mmoja alipotelea majivuni. Wa pili alidonolewa na kuku kabla mtu hajainama. Kwa hiyo safari ya kwanza ya Balangdalalu kwenda mwezini ilimpoteza mwanaanga mmoja kwa kuliwa, na kicheko kilichofuata kilimleta shemeji yangu kutoka zizini kuja kuona kuna nini.

Baada ya kicheko niliwauliza: mtu anaporuka kutoka juu ya tela la trekta, anatua vipi? Kijana mchunga ndama, aliyekuwa hajasema kitu, alisimama akaruka mahali pale pale, akakunja magoti. Hakueleza kwa maneno, na haikuhitajika. Mtu akitua amekaza miguu, mwili husimama ghafla na mtikisiko wote hupanda mpaka kwenye meno. Akikunja magoti, mwili husimama kidogo kidogo, na nguvu ile ile ya mwanguko hugawanywa katika muda mrefu zaidi. Mguu wa chombo nao sharti uwe na goti.

Wakakunja karatasi kama feni, mbele na nyuma, mbele na nyuma, zikawa na tabia ya kujikunjua. Miguu hii ilikuwa na kosa la upande wa pili: ilipokea mwanguko vizuri, kisha ikaurudisha, ikawarusha wasafiri juu kama bembea. Hapo watoto walijifunza bila somo kwamba kulainisha ni jambo moja na kudunda ni jambo jingine. Mpwa mkubwa akaongeza karatasi. Ikazidi kudunda. Akapunguza. Kikalala ubavu. Alikasirika sana akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na nilimwacha huko. Nimeona wahandisi watu wazima wakifanya vivyo hivyo.

Tena si watoto peke yao wanaolala ubavu. Mwezi wa Januari 2024 chombo cha Japani kilichoitwa SLIM kilitua mwezini karibu kabisa na mahali kilipokusudiwa, lakini kikakaa kichwa chini. Mwezi uliofuata chombo cha kampuni moja ya Marekani, Odysseus, kilitua kikaegama upande. Ni vyombo vya fedha nyingi sana, vilivyotengenezwa na watu waliosoma miaka mingi. Nilipowaambia wapwa zangu habari hiyo, yule wa nyuma ya nyumba alirudi akauliza kama Wajapani walilia.

Siku ya pili kijana wa ndama alikuja na chombo chake mwenyewe. Alikuwa amekitengeneza porini, kwa kipande cha boksi alichopewa na mpwa wangu. Miguu yake haikuwa ya karatasi. Ilikuwa vipande vinne vya bua la mtama, vimemenywa ganda la nje likabaki lile sponji jeupe la ndani, na vimetanuliwa kwa nje kama miguu ya ng'ombe asimamapo kwenye utelezi. Kilipoachiwa kutoka kiunoni, ncha za mabua zilibonyea, pwa, na hazikurudi. Chombo kilitulia. Watoto wakakimbilia kikombe: punje mbili, zimekaa zinatazamana.

Sasa, ndugu msomaji, nikueleze jambo ambalo kijana yule hakuwa ameambiwa na mtu. Miguu ya kile chombo cha mwaka 1969 haikuwa na springi za kudunda. Ndani ya nguzo zake waliweka aluminiamu nyembamba iliyoundwa kwa vijumba vingi vya pembe sita, mfano wa sega la nyuki, ili ibonyee mara moja tu na kubaki imebonyea. Kitu kinachobonyea bila kurudi hula nguvu ya mwanguko wala hakiitapiki. Bua la mtama lina vijumba vidogo vya namna yake, navyo hufanya kazi ile ile. Kwa watu wa Hanang na Mbulu, ambao mizinga ya nyuki wanaijua, nilieleza kwa sega na sikuhitaji kueleza mara mbili.

Kuna hesabu ndogo ambayo wazazi wanaweza kuwapa watoto waliokwisha kujua saa na mita. Kitu kikiachiwa kutoka mita moja hapa duniani hufika chini kwa muda usiotimia nusu sekunde, kikiwa na mwendo wa karibu mita 4.4 kwa sekunde. Mwezini, ambako mvuto ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu, kitu hicho kingechukua zaidi kidogo ya sekunde moja, na mwendo wake wa kufikia ungekuwa mita 1.8 tu kwa sekunde. Maana yake, chombo kinachofaulu Balangdalalu kutoka kimo cha mita moja kingefaulu huko kutoka kimo cha mita sita. Watoto walipenda sana kusikia kwamba jaribio lao lilikuwa gumu kuliko mwezi wenyewe.

Jioni hiyo babu yake yule kijana alipita kumtafuta. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi. Ni mzee wa makamo ya mwisho, Kiswahili chake cha taratibu, kila neno limepimwa. Akatazama vile vyombo akaniuliza vya nini, nikamweleza.

"Huko mwezini kuna maji?"

Nikamjibu kwamba hakuna mto wala mvua, lakini wataalamu wamegundua barafu katika mashimo ya ncha zake, mahali ambapo jua halifiki.

"Na majani?"

"Hakuna, babu."

"Sasa walifuata nini?"

Nikasema walifuata mawe. Katika safari sita za kutua, kuanzia 1969 hadi 1972, walirudi na mawe na udongo wa kilo 382. Mzee alitazama upande wa mlima, akatazama ua uliojaa mawe, akacheka kimya kimya mpaka mabega yakatikisika. Nilimwambia kwamba mawe yale yana umri mkubwa kuliko Hanang, tena mbali sana, na kwamba mashimo ya mwezi karibu yote yalichimbwa na vimondo, tofauti na Basotu, ambako milipuko ya volkano ndiyo iliyofukua shimo ambalo leo ni ziwa. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwamba wataalamu na mashine zao si wageni huku. Walikuja Basotu, wakalima ngano.

Hakuongeza, lakini kila mtu wa huko alijua alichoacha kukisema. Mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, yaliyosimamiwa na shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada, yalichukua sehemu nzuri ya malisho ya Wabarabaig, na kesi zake zilifika mahakamani miaka ya 1980. Mzee aliyeona trekta likipita juu ya njia ya ng'ombe ana haki ya kuuliza ufundi unakwenda wapi na unafuata nini. Sikuwa na jibu la kumtosheleza, na sikudhani karatasi iliyokunjwa ingetosha kuwa jibu.

Watoto wana njia yao ya kufika mahali ambapo wakubwa huzunguka. Siku ya tatu, tulipokuwa tukipima kimo cha bega, mpwa mdogo alisema kwamba yale mawe ya mlimani nayo yalishuka, lakini hayakuwa na miguu. Dada yangu aliacha kupepeta. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima Hanang uliporomoka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mtoto wa wilaya hii hahitaji kuambiwa kitu kizito kikishuka ghafla hufanya nini. Alichokuwa hajaambiwa ni kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kufikiri jinsi vitu vizito vitakavyozuiwa au kushushwa polepole, wenye kuta, mifereji na picha za milima zinazopigwa kutoka angani ili kuona nyufa na mikondo ya maji, na kwamba watu hao walianza wakiwa na umri fulani, mahali fulani.

Afrika Mashariki, kwa kweli, haikuwa mbali na mambo ya anga kama tunavyodhani. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kimojawapo cha vituo vilivyomsikiliza kilikuwa kisiwani Unguja. Kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka nyota za mbali, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Uganda ilipata satelaiti yake mwaka 2022, na Taifa-1 ya Kenya ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023. Kwetu Mbozi, mkoani Songwe, kipo kimondo cha chuma cha tani nyingi, ambacho kilitua bila kuuliza habari ya magoti.

Kwa mzazi wa Temeke au Ilemela atakayetaka kujaribu Jumapili hii, bua la mtama si lazima. Sponji kuukuu ya kuoshea vyombo inafaa, hata boksi la mayai la karatasi. Usimtengenezee mtoto miguu. Mwache aikate vibaya, aiachie, aone, akate tena. Mtoto wa miaka mitano atosheke na kimo cha goti. Zaidi ya yote usimpe chombo kilichokwisha kufaulu akiige, kwani utakuwa umemnunulia jibu kabla hajalipenda swali. Na wafungieni kuku.

Asubuhi ya kuondoka kwangu, upepo ulikuwa mkali. Shemeji alipanda juu ya tela, akainua mkono, akaachia vyombo vitano kimoja baada ya kingine kutoka kimo kilichopita kimo cha mtu. Vitatu vilipinduliwa na upepo kabla ya kufika. Cha mpwa mkubwa kilitua, kikapoteza msafiri mmoja. Cha mabua kilitua kikiwa kimebonyea nusu ya miguu yake, na punje zote mbili ndani.

Mwenyewe hakuwapo. Alfajiri alikuwa amepeleka ndama upande wa ziwa kutafuta chumvi, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Dada yangu alinieleza kwamba kijana huyo hajaandikishwa shule; ng'ombe wakihama, huhama nao. Babu yake alikuwa amesimama pale uani tangu mwanzo, mikono juu ya fimbo. Aliinama akaokota kile chombo, akakigeuza, akabonyeza mguu mmoja kwa kidole gumba, akautazama muda. Halafu akamuuliza shemeji yangu uandikishaji wa darasa la kwanza unafanyika mwezi gani, na kama watoto wa kuchunga hupokewa mvua zikishaanza. Walikuwa bado wanazungumza pikipiki iliponifuata.